Salamu au Bima

Asubuhi ile nilitoka kwenda kununua chapati. Nilikuwa na miezi minne Kilosa, nikibeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga na kulala kwenye ghala lake, na kwangu miezi minne mahali pamoja ni mingi. Nilishaanza kujua majina ya mbwa. Mali yangu yote inaenea kwenye mfuko mmoja wa mgongoni, na mfuko huo natembea nao hata ninapokwenda chooni. Kwa hiyo nilipopita karibu na stendi na kusikia gari dogo linaita abiria mmoja wa mwisho wa Mikumi, sikuwa na la kurudia. Sikuwa na shughuli Mikumi, wala sikuwa na mtu. Nilikuwa sijawahi kufika, na hiyo kwangu ni sababu tosha. Niliingia, chapati nikaziacha kwa mwenye nazo.

Pembeni yangu alikaa mama wa makamo, fundi cherehani, amepakata furushi la sare za shule alizokuwa anakwenda kumkabidhi mteja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanipitisha kwenye salamu zote zilizobaki: habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za kazi. Nilijibu nzuri kwa zote, ingawa nyumba sina na kazi nilikuwa nimeiacha dakika tano zilizopita.

Vibarua wawili waliokuwa nasi walishukia Kilangali, kwenye shamba la mbegu, tukabaki watatu: dereva, yule mama na mimi. Mama akapata nafasi ya kunyoosha miguu na kuzungumza. Kwao ni milimani. Alisoma shule ya misheni, na huko, alivyoniambia, walifundishwa mambo mawili kwa ukamilifu: kushona na kutomjibu mtu vibaya. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, ya chuma kizito, na alijivuna kwamba miguu yake haikuwahi kuisubirisha.

Tulishaingia barabara kuu, Mikumi yenyewe tukiwa bado hatujaiona vizuri, dereva wetu akapunguza mwendo kwenye tuta. Nyuma yetu kulikuwa na lori la vitunguu kutoka Malolo. Lenyewe halikuona sababu ya kupunguza.

Kishindo sikumbuki. Nakumbuka vitunguu. Vilikuwa juu ya boneti, ndani ya gari, barabarani, kimoja mapajani mwangu kama nimepewa zawadi. Watu walifika haraka sana, na walifika na mifuko. Kila mmoja alitupa pole, akainama, akaokota, akatupa pole nyingine. Wengi walikuwa na machozi, na sitaki kusema yalikuwa ya nini.

Mimi nilichubuka kiwiko. Mama mguu wake ulibanwa chini ya kiti, na ulipotolewa ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu hauna kiungo. Kila aliyemuuliza hali alimjibu hajambo. Dereva wa lori alipokuja, amejishika kichwa, anasema bahati mbaya mama, bahati mbaya, mama ndiye aliyembembeleza. Alimwambia asijisumbue, hii ni mipango ya Mungu. Askari wa usalama barabarani alikuwa amesimama hapo hapo na kalamu yake. Akaandika.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini kusoma sikuacha. Nasoma vibandiko, risiti, karatasi zilizofungia maandazi. Wakati wenzangu wanahangaika nilikwenda mbele ya lori nikasoma stika ya bima kwenye kioo, nikaandika namba yake juu ya mfuko wangu kwa chaki ya fundi iliyodondoka kwenye furushi. Sikuwa na hekima yoyote. Ilikuwa namba ndefu, nikaipenda.

Hospitali ya Mikumi, tulikofikishwa na gari la polisi, walitaka kwanza karatasi ya polisi, ile PF3, ndipo wamguse. Baada ya picha, mama alifungwa plasta ngumu, hogo kama watu wanavyoiita, kuanzia vidole hadi pajani. Daktari alisema mfupa umevunjika sehemu mbili, na hogo peke yake haitatosha. Lazima awekewe chuma ndani, la sivyo utaunga vibaya na mguu hautakanyaga tena kitu chochote. Chuma kilikuwa na bei ambayo mama, kwa sare zote za wilaya, asingeifikia. Dereva wetu akatutuliza. Lori lina bima ya mtu wa tatu, alisema, mama atalipwa fidia, chuma kitanunuliwa.

Nikauliza mtu wa tatu ni nani. Nesi hakujua. Dereva hakujua. Nilikuja kuelewa baadaye: wa kwanza ni kampuni, wa pili ni mwenye lori, wa tatu ni yule aliyevaa hogo. Na huduma inatolewa kwa mpangilio huo huo.

Nilirudi naye Kilosa kwa sababu furushi la sare lilihitaji mbebaji. Mwenye mashine alinirudisha kazini bila hata kujua kwamba nilikuwa nimeacha. Jioni nilikuwa napita kwa mama kumtekea maji, maana watoto wake wote wako Dar es Salaam, na siku moja nikiwa hapo simu yake ikaita. Akaiweka sauti ya juu kama anavyofanya siku zote, ili na mgeni asikie. Kwanza mashine ilitutangazia kwamba simu inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Kisha ikaja sauti ya kijana mwenye adabu zake, afisa madai wa kampuni ya bima ya lori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za leo?"

"Nzuri."

"Unaendeleaje na hali?"

"Sijambo, namshukuru Mungu."

"Na mguu?"

"Nao haujambo."

Kijana alishukuru sana. Akauliza kama dereva wa lori alifika kumjulia hali, mama akasema alifika, alileta sukari na sabuni, wakasameheana. Kijana akashukuru tena na kumtakia jioni njema. Mama alikata simu akaniambia kijana yule kalelewa vizuri.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Ilisema kwamba mdai, kwa kauli yake mwenyewe iliyorekodiwa, amethibitisha kuwa hajambo. Mguu wake nao haujambo. Aidha, siku ya ajali alikiri mbele ya askari kwamba tukio lilikuwa mipango ya Mungu, na Mungu hakuwa mteja wao. Hilo la mwisho nimeliongeza mimi, lakini maana ilikuwa hiyo. Hata hivyo, kwa ubinadamu, kampuni ilikuwa tayari kumpa mkono wa pole, kiasi ambacho kisingenunua hata skrubu za kile chuma. Alitakiwa kutia saini tu.

Mama alikuwa ameshika kalamu tayari. Aliona si vizuri kumchelewesha mtu aliyejisumbua kuandika. Nikamwomba anipe nisome hadi mwisho, kwa sababu mwisho ndiko kunakokaa herufi ndogo, na herufi ndogo ndizo zinazonivutia kuliko zote. Zilisema kwamba akitia saini atakuwa amepokea malipo yote, ya sasa na ya baadaye, na hatadai tena kitu chochote milele. Milele iliandikwa kwa herufi ndogo kuliko jina la kampuni. Tukakubaliana kalamu ipumzike.

Nilijitolea kumwandikia majibu. Nina mwandiko mzuri. Ni kitu pekee nilichotoka nacho shuleni kikiwa kizima. Nilinunua karatasi yenye mistari, nikakaa juu ya gunia, nikaanza barua kama tulivyofundishwa kuanza barua: salamu nyingi zikufikie popote ulipo, ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni juu yako. Baada ya hapo nikaandika kurasa mbili kamili za mguu. Nilieleza mfupa, chuma, cherehani, kila kitu. Mama alisikiliza nikimsomea, akasema barua imetulia. Tukaituma.

Majibu yalikuja haraka kuliko mara ya kwanza. Kampuni ilimshukuru mdai kwa barua yake, ambayo katika aya ya kwanza ameeleza kwa maandishi na kwa hiari kwamba ni mzima wa afya njema. Kurasa mbili za mguu hawakuzigusa. Ile karatasi ya kutia saini waliiambatanisha tena, na safari hii walituwekea na bahasha yenye stempu.

Nilitamani kuingia ndani ya gunia la pumba. Mama hakunilaumu. Alisema barua ilikuwa nzuri, ila wale watu wa bima hawajui kusoma.

Nilichofanya baada ya hapo ni kumfundisha. Nilimweleza kwamba simu ikija tena, kijana akiuliza habari, asijibu nzuri. Ajibu mbaya. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo stendi. Mbaya inajibiwa kukiwa na msiba, alisema, tena siku hiyo tu, kesho yake unarudi kwenye nzuri. Nikasema huu ni msiba wa mguu. Akakubali kujaribu kwa shingo upande. Kwa siku tatu nilikuwa natoka nje, nampigia simu nikiwa kwenye ukuta wa jirani, yeye nikimwona amekaa mlangoni, naiga sauti ya yule kijana. Siku ya kwanza alijibu nzuri zote. Siku ya pili alijibu nzuri, akaomba radhi. Siku ya tatu nilipouliza habari za leo alivuta pumzi, akafumba macho, na kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, akasema:

"Mbaya. Habari zangu ni mbaya sana."

Alirudia mara mbili ili azoee. Ukuta wa jirani ni wa matofali ya kuchoma, lakini juu uko wazi.

Haikupita nusu saa. Wa kwanza kufika alikuwa jirani mwenyewe, kanga kichwani, analia. Nyuma yake wakaja akina mama wengine wanne, mmoja na sufuria kubwa, mmoja na kuni. Wanaume walianza kupanga viti nje bila kuuliza. Mwinjilisti, mzee wa kanisa lake, alifika na baiskeli akamkalia mama karibu, akamshika mkono, akauliza kwa upole ni nani aliyetutoka. Mama akasema hakuna. Mzee akasubiri. Mama akanyoosha kidole kwangu.

Ilibidi nisimame mbele ya waombolezaji kumi na kitu nieleze bima ya mtu wa tatu. Walinisikiliza kwa utulivu, kama mtu anavyosikiliza wasifu wa marehemu. Nilipomaliza, mwinjilisti alisema ameelewa, lakini mtu akijibu mbaya na maiti hakuna, anawachanganya watu. Jirani akafuta machozi na kusema kuni zimeshakuja, hazirudi. Wakapika maharage, tukala. Waliondoka jua linazama, kila mmoja akimpa mama pole, naye akimjibu kila mmoja kwamba hajambo.

Baada ya aibu ile mama alikataa mafunzo. Alisema simu haipokei tena wala barua haiandiki; anataka kumwona huyo kijana uso kwa uso. Tulikusanya nakala ya PF3, ripoti ya daktari, picha ya mfupa, taarifa ya polisi na ile namba ya stika, ambayo ilikuwa bado inasomeka kwenye mfuko wangu, tukazitia kwenye faili la plastiki. Tukaondoka kwa basi la kupitia Magole, mama na magongo yake mawili, kwenda Morogoro mjini kwenye ofisi ya kampuni.

Ofisi ilikuwa na baridi ya mashine, na ukutani picha kubwa ya familia inayocheka pembeni ya gari jipya. Hakuna kwenye ile familia aliyekuwa na hogo. Kijana afisa madai alikuwa kama sauti yake, nadhifu, mpole. Kwenye meza ya nyuma alikaa bosi wake, mama mtu mzima mwenye miwani, anaandika kwenye kompyuta bila kutuangalia. Kijana alisimama, akampokea mama gongo moja, akamvutia kiti.

"Shikamoo, mama. Habari za safari?"

Nilimwona mama anafungua mdomo, na niliiona ile nzuri imeshafika kwenye meno. Akaufunga. Akalaza gongo lililobaki juu ya meza ya kijana, juu ya makaratasi.

"Marahaba. Sasa baba, nikujibu ya salamu au nikujibu ya bima?"

Kijana akacheka kidogo, akasema hajaelewa.

"Ya salamu ni nzuri," mama akasema. "Safari nzuri, nyumbani wazima, namshukuru Mungu. Hiyo nakujibu kwa sababu umeniamkia, ningekuwa nakata roho ningekujibu hivyo hivyo. Ya bima ni kwamba mguu umevunjika mara mbili, picha hii hapa, na cherehani yangu ina vumbi. Andika hiyo."

Kijana akasema lakini kwenye rekodi kuna suala la mipango ya Mungu. Mama akamwambia ndiyo, Mungu alipanga, lakini breki zilikuwa mguuni kwa dereva.

Bosi aliacha kuandika. Alivua miwani, akauliza kijana wake anatoka wapi, kwamba huko kwao mgonjwa akijuliwa hali hujibu mbaya. Kijana akataja kwao. Bosi akasema hata huko anakujua, hawajibu hivyo. Akachukua faili letu, akalipitia karatasi moja moja, akaipeleka picha ya mfupa dirishani kwenye mwanga. Kwa mara ya kwanza tangu ajali nilimwona mtu wa bima anaangalia mguu.

Basi tungemaliza hapo, kama nisingekuwa mimi. Kijana alikuwa amepata kitu cha mwisho. Shahidi pekee ambaye si dereva, alisema, ni huyu bwana, na maelezo ya polisi yanamtaja kuwa mkazi wa Mikumi. Ana barua ya utambulisho ya huko?

Nikakumbuka. Siku ile askari aliniuliza unakaa wapi, nami nilikuwa nimekaa juu ya gunia la vitunguu lililopasuka. Nikamjibu hapa hapa. Alitazama gunia, akatazama barabara, akaandika Mikumi. Niliwaambia ukweli: sikai Mikumi, nalala kwenye ghala la mashine Kilosa. Kijana akampigia mwenye mashine papo hapo, sauti ya juu. Mwenye mashine aliposikia neno bima, akasema kwa haraka kwamba kwenye ghala lake halali mtu, hajawahi kulala mtu, na bima yake ya moto inakataza. Mimi nilikuwa nimelala humo usiku uliotangulia, na pumba za humo zilikuwa bado kwenye nywele zangu.

Kwa hiyo kwa mujibu wa kumbukumbu za kampuni nilikuwa siishi popote. Kijana alionekana kufarijika. Shahidi asiyepatikana, alisema, maelezo yake hayana nguvu. Bosi alifikiri, akarudisha miwani. Alisema jalada halifungwi, ila maelezo yangu yachukuliwe upya kwenye kituo kile kile cha polisi cha Mikumi, na niwe mtu anayepatikana huko huko kampuni ikinihitaji, na barua ya mwenyekiti inayosema ninakaa wapi kweli. Hilo likikamilika, na ripoti ya daktari ilivyo, yeye mwenyewe ataidhinisha malipo. Lisipokamilika, mikono yake imefungwa.

Nimetembea nchi hii kwa miaka mingi nikikwepa swali hilo moja, unakaa wapi. Wazazi waliniuliza, wasichana wawili waliniuliza, mwenye mashine aliwahi kuniuliza. Wote niliwakwepa. Aliyenikamata ni fomu.

Stendi nilimpandisha mama kwenye basi la Kilosa. Aliniagiza nisiwe na haraka ya kuondoka huko niendako. Akatoa kichwa dirishani.

"Nenda ukakae, mwanangu. Wewe ukikaa, na mimi nitasimama."

Nikapanda basi la Mikumi. Barabara inakatisha hifadhi, na pembeni kuna kibao kinachotaja wanyama mmoja mmoja na faini yake ukimgonga. Nilikisoma kadiri basi lilivyoniruhusu. Twiga ana bei yake, nyati ana yake, hata nyani haendi bure. Hawapigiwi simu kuulizwa habari. Mwanadamu nilimtafuta kwenye orodha, sikumwona, na basi likapita.

Nilishuka Mikumi mchana, mara yangu ya kwanza kufika pale bila kubebwa na gari la polisi. Kituoni niliambiwa nirudi na barua ndipo waandike maelezo mapya. Mwenyekiti wa kitongoji nilimkuta anarekebisha banda la kuku. Nilimweleza yote. Alisema barua ataandika kwa moyo mmoja, lakini hawezi kuandika kwamba ninakaa wakati nimesimama na mfuko mgongoni. Akanielekeza nyumba ya tatu baada ya gereji, kwa mama mmoja anayepangisha.

Mama mwenye nyumba alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Alinionyesha chumba cha uani, kidogo, mlango wa bati, akanipa ufunguo. Nikamwambia kimenitosha, mimi sina vitu. Akauliza ninategemea kukaa kwa muda gani, ajue. Nikasema nitakaa mpaka kampuni ya bima imlipe mtu fulani fidia.

Alisimamisha ungo. Akanyoosha mkono, akachukua ule ufunguo, akauingiza kwenye mfuko wa gauni, akatoa mwingine mkubwa zaidi.

"Chukua cha mbele," alisema. "Kina nafasi ya kabati."